Kabla Hujanunua Vitamini za Mgonjwa Aliyeumia Ubongo

Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Moshi muda wa kutosha kumtambua, hata kabla hajafungua mdomo, mtu aliyetoka kumchukua mgonjwa wa kichwa hospitali. Ana mfuko wa nailoni wenye dawa, karatasi ya kuruhusiwa iliyokunjwa mara nne, na simu yenye picha ya kopo la vitamini aliyotumiwa na shemeji yake wa Dar. Safari hii alikuwa mama mmoja wa Rombo. Kijana wake alianguka na bodaboda, akalazwa wiki tatu, sasa yuko nyumbani: anatembea kwa kushikwa, anasahau, anakasirika ovyo.

"Mwanangu, niuzie hii ya ubongo," akanionyesha simu. "Wanasema inarudisha kumbukumbu."

Nilimwamkia, nikamvutia kiti, nikamuuliza jana kijana alikula nini.

Akafikiri. "Chai. Na uji kidogo jioni."

Hatukuuziana kopo siku ile. Tuliongea karibu saa nzima, nyuma yetu watu wakisubiri Panadol zao, na niliyomwambia ndiyo nayaandika hapa kwa mpangilio mzuri zaidi. Nawaandikia ndugu wanaouguza nyumbani. Mgonjwa aliyeumia jana, au anayetapika, kusinzia kupita kawaida, kushikwa na degedege, kulalamika kichwa kinachozidi kuuma, kulegea upande mmoja, au kutokwa maji maangavu puani au sikioni, huyo hahitaji makala wala vitamini. Mpakie kwenye gari aende hospitali. Kwa mzee, damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu na dalili zikajitokeza wiki kadhaa baada ya kuanguka, kwa hiyo usiseme "aah, alianguka mwezi uliopita, haihusiani."

Elewa kwanza kwa nini kila kopo lina mashahidi

Ubongo ulioumia hujirekebisha wenyewe kwa kiasi fulani. Mabadiliko makubwa huonekana zaidi ndani ya miezi 6 ya mwanzo, kisha yanaendelea polepole kwa mwaka, miwili, hata zaidi. Sasa fikiria mgonjwa aliyeanza kumeza vidonge vya bei mbaya mwezi wa pili. Mwezi wa nne anaongea vizuri. Nani atasifiwa? Kopo. Angekuwa anakunywa maji ya ndimu, ndimu ingepata sifa hiyo hiyo. Muuzaji wala si lazima awe mwongo. Kaona mtu kapona, kaamini.

Ndiyo maana watafiti hugawa wagonjwa makundi mawili, wengine wakapewa dawa halisi na wengine kidonge kisicho na kitu, na matokeo yake yamewavunja moyo watu wengi. Sitikolini, ambayo huuzwa kama "dawa ya ubongo" na wengi wenu mmeiona kwenye vyeti, ilijaribiwa Marekani kwa watu 1,213 walioumia kichwa, miligramu 2,000 kila siku kwa siku 90. Majibu yalichapishwa mwaka 2012: waliopewa na wasiopewa walipona sawasawa. Magnesiamu ya kudungwa ilijaribiwa kwa watu 499, matokeo yakatoka 2007, haikusaidia. Homoni ya projesteroni ilikuwa na matumaini makubwa sana kwa panya. Majaribio mawili makubwa ya 2014 kwa binadamu yakaizika.

Na lipo moja ambalo huwa nalikumbuka mtu akiniambia "hata isiposaidia, haidhuru". Kwa miaka mingi madaktari duniani waliwapa majeruhi wa kichwa dawa za jamii ya steroidi kupunguza uvimbe wa ubongo. Ilionekana ni busara tupu. Mwaka 2004 ukachapishwa utafiti wa watu wazima 10,008 kutoka nchi nyingi: waliopata steroidi, asilimia 21.1 walikufa ndani ya wiki mbili. Wasiopata, asilimia 17.9. Dawa ilikuwa inaua, na hakuna daktari mmoja aliyeweza kuliona hilo akiwa wodini kwake.

Kwa hiyo ninachokisema ni hiki: vitamini huziba pengo. Mwenye upungufu akiipata, tofauti huonekana, pengine kwa siku chache. Asiye na upungufu, kumwongezea hakuujengi ubongo, kama vile kuongeza mafuta kwenye tangi lililojaa hakuongezi mwendo wa gari. Kazi yako ni kulitafuta pengo. Hatua zote zinazofuata ni za kulitafuta.

Hatua ya 1: Daftari, siku tatu

Nunua daftari la shule. Kwa siku tatu andika kila kinachoingia mdomoni: nini, kiasi gani, saa ngapi. Usiandike "alikula mchana". Andika "ugali nusu ngumi, mchuzi vijiko vinne, nyama aliacha". Pembeni andika dawa alizomeza na saa zake, choo, usingizi. Mpime uzito siku ya kwanza, kisha kila wiki kwa mizani ileile. Maduka mengi ya dawa yana mizani mlangoni. Akiwa hawezi kusimama, pima kwa uzi mzunguko wa mkono wake katikati ya bega na kiwiko, uutie uzi alama.

Ndugu wengi hushtuka wakisoma daftari lao wenyewe. Mgonjwa wa kichwa huacha kula kwa sababu ambazo hazionekani. Wengi hupoteza harufu, na chakula kisicho na harufu ni kama kutafuna gazeti. Wengine husahau kwamba hawajala, au wanakula upande mmoja tu wa sahani kwa kuwa hawauoni ule mwingine. Dawa nazo zinatia kichefuchefu. Huyu ukimpa kidonge cha vitamini huku anaishi kwa chai, umepaka rangi nyumba isiyo na ukuta.

Hatua ya 2: Anameza salama?

Hapa watu hukosea kwa nia njema kabisa. Mgonjwa akipaliwa, wanampa vitu vyepesi: maji, chai, supu ya maji. Wanafanya kinyume. Kwa koo lililolegea, kitu chepesi ndicho cha hatari, maana kinakimbia kabla njia ya hewa haijafunga. Chakula kizito, laini, kisicho na mabonge, hushuka taratibu na mtu akakimudu.

Dalili za kuangalia: anakohoa akinywa maji, sauti inakuwa ya majimaji baada ya kumeza, chakula kinabaki shavuni, homa zinazokuja na kuondoka, kifua kinachobubujika. Ukiziona, simamisha kumlisha kwa mdomo na umrudishe kliniki apimwe kumeza. Wengine watalishwa kwa mpira wa puani kwa muda, na hilo si tusi wala dalili kwamba amekata tamaa.

Anayeruhusiwa kula kwa mdomo akae wima kabisa, kidevu kimeshuka kidogo, redio na televisheni zimezimwa, kijiko kidogo kimoja kimoja. Baada ya kula abaki wima nusu saa. Usimlishe anayesinzia.

Sisi wa huku tuna bahati ya mtori. Ndizi mbichi zimechemshwa na nyama mpaka zikapondeka, umetoa nyuzi zote, umelainisha kwa maziwa au siagi: ni chakula cha mgonjwa wa koo ambacho mabibi zetu walikitengeneza kwa ajili ya mama waliotoka kujifungua, na kinafaa hapa bila kubadilishwa sana. Nyama lazima isagwe kabisa, blenda ikiwepo ni bora. Wasio na mtori wana kisamvu kilichotwangwa sana, viazi vya kuponda, maharage yaliyopitishwa kwenye chujio, uji mzito.

Kwa anayetumia mpira, chakula kichujwe vizuri, na mpira usukumwe kwa maji safi kabla na baada ya kila mlo na kila dawa kwa kiasi alichokuelekeza muuguzi. Usisage kidonge chochote kukipitisha mpirani kabla ya kuuliza. Baadhi ya vidonge vya kifafa vimetengenezwa vitoe dawa polepole siku nzima. Ukivisaga, dozi yote inamwagika mara moja.

Hatua ya 3: Jaza sahani kabla ya kujaza kabati

Mwili wa aliyeumia kichwa huunguza chakula kupita kawaida, hasa wiki za mwanzo, na misuli huyeyuka haraka. Mwaka 2011 jopo la wataalamu wa Marekani lililopitia tafiti zote za lishe na majeraha ya ubongo lilitoa pendekezo moja tu la nguvu, na halikuhusu vitamini hata moja: mgonjwa mahututi aanze kulishwa ndani ya saa 24, apate zaidi ya nusu ya nishati anayohitaji, na protini gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa wiki mbili za mwanzo. Hilo ni la hospitali. Nyumbani, protini ya kiwango hicho inabaki kuwa lengo zuri kwa mtu aliyekonda, ilimradi figo zake ni nzima. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii bila daktari.

Kijana wa kilo 60 anahitaji basi gramu 60 hadi 90 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kikombe cha robo lita cha maziwa, 8. Kikombe cha maharage yaliyoiva, kama 15. Gramu 100 za nyama iliyopikwa, 25 au zaidi. Dagaa wakavu wa kujaza kiganja, gramu 30 hivi kwenye mizani, wanakupa 15 au zaidi, na ukiwasaga unga unaweza kuwaficha kwenye uji, mtori, hata mchicha. Mgonjwa aliyepoteza harufu wala hatajua. Karanga za kiganja, 7. Uji wa sembe mtupu, kikombe kizima, kama 2. Sasa rudi kwenye daftari la yule mama: chai na uji kidogo. Piga hesabu.

Siku inaweza kwenda hivi. Asubuhi uji wa dona uliopikwa kwa maziwa badala ya maji, ndani yake kijiko cha siagi ya karanga na yai lililokorogwa vizuri likaiva. Saa nne, maziwa mgando. Mchana mtori wenye nyama, parachichi pembeni. Saa kumi, ndizi mbivu na kikombe kingine cha maziwa. Usiku maharage, mboga za majani zilizoungwa kwa mafuta, ugali laini. Sehemu ndogo mara tano zinashinda sahani kubwa mara mbili. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu zitupwe, maana sumu ya kuvu haiondoki kwa kukaangwa.

Nimesema dona, si sembe, kwa sababu vitamini B1 imekaa kwenye ganda na kiini cha punje. Ukikoboa mahindi au mchele hadi uwe mweupe pee, umeitupa kwa kuku.

Na uji wa lishe wa nafaka kumi na mbili unaouzwa kama dawa? Nafaka mbili na jamii moja ya kunde zinatosha. Ukichanganya mahindi, ulezi, mtama, ngano, mchele na uwele umechanganya wanga na wanga.

Hatua ya 4: Mapengo ya kweli

Sasa ndiyo tuzungumzie vidonge, kimoja kimoja, na nitakaa zaidi pale penye uzito.

B1, tayamini, ndiyo ya kwanza na naipa nafasi kubwa kwa makusudi. Mwili hauna ghala lake la maana. Akiba huisha ndani ya wiki mbili tatu. Ikiisha, ubongo unashindwa kutumia sukari na sehemu zake za ndani zinaanza kufa. Mtu anachanganyikiwa, macho yanachezacheza au hayageuki sawasawa, anayumba akitembea. Daktari Mjerumani Carl Wernicke alieleza hali hiyo mwaka 1881 kwa wagonjwa watatu. Wawili walikuwa walevi. Wa tatu alikuwa msichana mshonaji aliyekunywa tindikali, tumbo likaharibika, akawa anatapika kila anachokula. Huyo wa tatu ndiye tunayemsahau: si pombe peke yake, ni yeyote aliyekaa wiki kadhaa bila kula au akitapika.

Tatizo ni kwamba kuchanganyikiwa na kuyumba ndizo dalili za jeraha la ubongo lenyewe, hivyo kila mtu anasema "ni ile ajali". Nikamuuliza mama wa Rombo kama kijana anakunywa. "Anakunywa kiasi." Kiasi gani, mama? Akacheka, akatazama chini. Mbege kila siku, na konyagi mwisho wa wiki. Hapo nikaacha kuongea mambo ya lishe, nikamwandikia karatasi aipeleke kliniki kesho yake asubuhi: ulevi wa muda mrefu, wiki tano chakula kidogo, anayumba, tafadhali fikiria B1. Mnywaji mzito hafyonzi vizuri kidonge, kwa hiyo akiwa na dalili hizo huanza kwa sindano hospitali. Kumtundikia dripu ya sukari bila B1 kunaweza kuiharakisha shida, na ndiyo sababu lazima ndugu aseme ukweli kuhusu pombe. Aibu mnayomsitiri inamgharimu ubongo. Pale hospitali ya rufaa ya KCMC majeruhi walevi ni wengi kiasi kwamba ulitengenezwa mpango wa mazungumzo mafupi na mgonjwa akiwa bado hospitali, unaitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Hakuna anayeshangaa wala kuhukumu mkisema.

Vitamini D. Ngozi huitengeneza kwa jua, na mgonjwa aliyefungiwa chumbani miezi miwili mitatu hapati jua. Zaidi ya hapo, fenitoini, kabamazepini na fenobabitoni, dawa za degedege ambazo wengi hutoka nazo, hulifanya ini livunje vitamini D haraka. Mtoe nje asubuhi, mikono na miguu wazi. Akihitaji kidonge, watu wazima wengi wanatosheka na yuniti 600 hadi 800 kwa siku, na 4,000 ni kikomo cha juu pasipo usimamizi wa daktari. Ikizidi sana kalisiamu hupanda kwenye damu, naye atakuwa na kiu, atafunga choo, atatapika na kuchanganyikiwa. Mtasema ni ile ajali.

Madini ya chuma yanafaa kwa aliyepoteza damu, lakini pima kwanza wingi wa damu. Kipimo ni cha haraka na kipo hata kituo cha afya. Akiandikiwa, ameze na maji ya chungwa au ndimu, na chai isogezwe mbali saa moja au mbili. Choo kitakuwa cheusi, msiogope. Vidonge hivyo ni sumu kwa watoto wadogo, vifungiwe.

B12 hupatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa tu. Wanaopungukiwa ni wazee, wasiokula vitu hivyo, wanaotumia metifomini ya kisukari kwa miaka, na waliotumia omeprazoli ya kiungulia kwa miaka. Ganzi za miguu na usahaulifu vinaweza kutokana nayo. Kama mgonjwa wako yuko humo, omba kipimo.

Zinki ilitia moyo katika jaribio dogo la watu 68 mwaka 1996, na hakuna kikubwa kilichofuata cha kuithibitisha. Nyama, dagaa, maharage na mbegu za maboga vinatosha. Kwa kidonge usipite miligramu 40 kwa siku, maana zinki nyingi kwa muda mrefu huifukuza shaba mwilini na kuleta ganzi na udhaifu wa miguu. Mafuta ya samaki, ile omega-3, wanyama wa maabara wameyafurahia kuliko binadamu. Mle samaki.

Hatua ya 5: Weka kopo karibu na dawa za kifafa

Ukiruka hatua zote, hii usiiruke. Leta dawa zote, na za miti shamba, kwenye kaunta moja mbele ya mfamasia mmoja. Nimewahi kuona mtu anachukua kifafa hospitali, presha duka la pili, vitamini kwa jirani, na hakuna hata mmoja aliyejua habari za mwenzake.

Foliki asidi na fenitoini zinagombana pande zote mbili. Fenitoini hushusha foliki mwilini. Lakini ukianza kumpa vile vidonge vya foliki vya miligramu 5 kwa kujiamulia, kiwango cha fenitoini kwenye damu hushuka na degedege linaweza kurudi. B6 kwa dozi kubwa hufanya vivyo hivyo kwa fenitoini na fenobabitoni. Na B6 kubwa iko wapi? Kwenye vile vidonge na sindano vya "vitamini za mishipa" vyenye B1, B6 na B12 pamoja, ambavyo watu hununua kama peremende. Vingine vina B6 miligramu 100 au 200 kwa kidonge. Marekani kikomo cha siku ni 100. Ulaya wakakishusha mwaka 2023 hadi 12. Ukitumia miezi kwa dozi kubwa, dawa uliyonunua kuondoa ganzi inaleta ganzi.

Fenitoini ya kupitisha mpirani haipendi kukutana na chakula. Kwa kawaida kulisha husimamishwa saa 1 hadi 2 kabla na baada ya dozi, na ratiba hiyo uipange na daktari ili mgonjwa asipungukiwe chakula. Kalisiamu na dawa za kiungulia nazo ziachanishwe nayo. Antibayotiki kama siprofloksasini na doksisaiklini hunaswa na chuma, zinki na kalisiamu. Antibayotiki itangulie, madini yafuate baada ya saa 2 au zaidi.

Kuhusu damu: vitamini E ya dozi kubwa, vidonge vya mmea wa ginkgo, na vidonge vya kitunguu saumu huweza kuongeza kutoka damu. Kwa mtu aliyevuja damu kichwani hivi karibuni, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini au aspirini, sikuuzii. Mwenye warfarini aendelee kula mboga za majani, ila kwa kiasi kilekile kila wiki, kwa kuwa vitamini K ya mchicha na kisamvu ndiyo inayovutana na dawa hiyo. Vitunguu saumu vya kwenye mchuzi havina neno.

Vitamini A nimeiweka mwisho kwa sababu watu hawaamini wakisikia: ikizidi, inaweza kupandisha mgandamizo ndani ya fuvu. Kichwa kinauma, macho yanaona ukungu. Huyu ni mtu ambaye wiki chache zilizopita madaktari walihangaika kuushusha mgandamizo huo huo. Kikomo cha mtu mzima ni yuniti 10,000 kwa siku za vitamini A iliyokamilika, yaani ile isiyohitaji kubadilishwa na mwili. Vile vidonge vya matone vya kampeni za watoto vina hadi 200,000, ni kwa watoto kwa kipindi maalumu. Mtu asije akamletea mgonjwa wako kwa huruma. Mafuta ya ini la samaki na multivitamini mbili tofauti zikipandana, hesabu inafika haraka. Karoti, mawese ya Kigoma na viazi lishe vya rangi ya chungwa havina hatari hiyo, mwili unabadilisha kiasi unachohitaji tu.

Hatua ya 6: Kisome kibandiko

Geuza kopo. Tafuta kiasi cha kila vitamini kwa kidonge kimoja, si kwa "huduma", yaani kipimo cha mara moja, cha vidonge vinne. Tafuta tarehe ya kuisha na usajili: TMDA kwa dawa, TBS kwa vyakula. Kama kimeandikwa "mchanganyiko maalumu" bila kiasi, kirudishe rafuni. Kama kinatibu kiharusi, kisukari, kifafa na nguvu za kiume kwa pamoja, kirudishe haraka zaidi. Na anayekuambia uache dawa ya kifafa uanze yake, huyo msiagane vizuri. Kuacha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika.

Multivitamini ya kawaida, ya bei ya kawaida, yenye kiwango cha mahitaji ya siku, kwa mgonjwa anayekula nusu sahani, sina ugomvi nayo. Miezi miwili mitatu, mpaka sahani ijae. Linalonichoma ni kopo la kigeni la bei ya trei kadhaa za mayai, na nyumbani hakuna yai. Fedha hiyo pia ni nauli ya mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki, na mazoezi, tofauti na kopo, hakuna atakayeweza kuyafanya kwa niaba ya mgonjwa.

Hatua ya 7: Tarehe ya kuacha

Kila kidonge cha nyongeza kianze kimoja kwa wakati, wiki mbili zipite kabla ya kingine. Ukianzisha vinne siku moja akapata upele au akaanza kuhara, hutajua umlaumu nani. Andika kwenye kasha sababu ya kuanza na siku ya kuacha au kupima tena. Kisichoandikwa siku ya kuacha huwa hakiachwi, kinageuka kuwa kodi ya kila mwezi. Kila mwezi fungua daftari: uzito umepanda? Anameza? Anakumbuka kuswaki bila kuambiwa? Mara ngapi amekasirika? Peleka daftari lenyewe kliniki. Daktari mwenye dakika kumi atapata humo mengi kuliko atakachopata kwa kukuuliza "anaendeleaje".

Mama wa Rombo alirudi baada ya wiki sita. Alikuwa na daftari lenye jalada la kitenge alilolishona mwenyewe, na kasha tupu la B1 lililoandikwa kwa kalamu nyekundu, kwa mkono wa mjukuu, *mwisho Jumapili*. Kijana ameongezeka kilo tatu, bado anasahau majina. Alinunua dawa ya kifafa ya mwezi mmoja, akauliza kama najua nani anauza blenda ya mtumba isiyoungua haraka.